KOMPYUTA INAYOONGEA NI YA BURE: KWA NINI BADO HAIJAFIKA KEMAMBO?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga rasmi msaada wa kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo mafundi wengi wanawaambia wateja kwamba kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 imeshazeeka. Maofisini na mashuleni kuna mashine nyingi zinazosogezwa stoo wakati bado nzima kabisa. Watu wamelijadili sana hilo kwa upande wa virusi na usalama. Mimi naomba tulijadili kwa upande mwingine ambao naona umesahaulika: ndugu zetu wasioona.

Kwa sababu nyingi ya mashine hizo tunazoziita skrepa, ukizipiga Linux, zinaweza kusoma kwa sauti maandishi yaliyopo kwenye skrini. Barua, habari, matokeo ya mitihani, hata hii makala unayoisoma. Na programu yenyewe ni BURE, sio bure ya kuibia kwa kutafuta namba za siri mtandaoni, ni bure halali.

Sasa swali langu ni moja tu. Kama kitu ni bure, na kipo kwa karibu miaka 20, kwa nini mtoto asiyeona wa Kewanja au Kerende hajawahi kukisikia?

INAFANYAJE KAZI?

Tuanze na hapa maana wengine mnadhani natania. Linux ni familia ya mifumo ya kuendeshea kompyuta ambayo mtu yeyote ana haki ya kuitumia, kuigawa na kuibadilisha. Hizi ndizo tunaita programu huria. Ubuntu na Debian ni baadhi ya ndugu wa familia hiyo. Wale wa zamani mnakumbuka enzi zile Ubuntu walikuwa wanatuma CD kwa posta duniani kote bila kulipisha hata senti. Mpango ule ulifungwa mwaka 2011, lakini kupakua bado ni bure.

Ndani ya Ubuntu kuna programu inaitwa Orca. Ifananishe na karani anayemsomea mzee barua. Karani hatungi barua, yeye anaangalia kilichoandikwa na kukisema. Ukibonyeza mshale kwenda chini, Orca inakutajia ulipofika. Ukiandika herufi, inaitamka. Ukifika kwenye kitufe, inakwambia hiki ni kitufe na kinaitwa hivi. Asiyeona hahitaji mausi, anatumia kibodi mwanzo mwisho.

Orca yenyewe haina mdomo. Mdomo ni programu nyingine ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa sauti, na inayotumika zaidi ni eSpeak NG. Kwahiyo kuna karani na kuna sauti ya karani. Shikeni tofauti hiyo, tutairudia mbele.

Unataka kuthibitisha? Kama kafe unayokaa ina mashine ya Ubuntu, bonyeza Alt, kitufe cha Windows na S kwa pamoja. Itaanza kuongea. Ukibonyeza tena inanyamaza. Omba ruhusa kwa mwenye kafe kwanza, maana wateja wanaweza kushtuka.

Kubwa zaidi ni Debian. Hii asiyeona anaweza kuipandisha MWENYEWE kwenye mashine. Anawasha kompyuta ikiwa na flashi ya Debian, kwenye menyu ya mwanzo anabonyeza herufi s kisha Enter, na mashine inaanza kumsomea hatua zote za usimikaji. Hahitaji kumwita mwenye macho amshike mkono. Fikirieni maana yake: kipofu ndiye fundi.

ZAMANI ILIKUWA KWA WENYE NACHO

Kompyuta kuongea sio jambo jipya. Programu maarufu ya Windows inayoitwa JAWS ilianza mwaka 1989, ikaanzishwa na Ted Henter, Mmarekani ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona ukubwani. Ni programu nzuri, hakuna anayebisha. Tatizo lilikuwa bei. Katika miaka ya 2000 leseni ya toleo la kawaida ilikuwa karibu dola 900, yaani kwa fedha ya wakati ule yapata shilingi milioni moja. Hapo bado hujanunua kompyuta. Kwa mtoto wa mkulima wa mahindi na mihogo hiyo sio bei, ni tusi.

Kilichobadilisha mambo ni watu waliokataa kukubali kwamba kuona kwa masikio lazima kulipiwe. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona mzaliwa wa India, alitoa Emacspeak mwaka 1995. Marc Mulcahy, naye asiyeona, alianzisha Orca akiwa kampuni ya Sun Microsystems, na Septemba 2006 Orca ikaingizwa rasmi kwenye mazingira ya GNOME ambayo ndiyo sura ya Linux nyingi. Mwaka huo huo wa 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza NVDA, ambayo ni programu huria kwa watumiaji wa Windows.

Mnaona mtiririko huo? Waliotatua tatizo ni wenye tatizo. Hawakukaa wakisubiri mfadhili awaletee fimbo nyeupe na mchele siku ya sherehe.

"MBONA NVDA IPO, LINUX YA NINI?"

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika swali hilo kwenye maoni. Ni swali la haki na nitalijibu kwa ukweli. Kama mtu ana Windows halali inayokubali mashine yake, NVDA ni chaguo zuri sana, na kwa programu nyingi za ofisi inakwenda vizuri kuliko Orca. Na mwenye simu ya Android ana TalkBack, ambayo inasoma skrini ya simu. Sipigi vita yeyote kati ya hao.

Lakini angalieni hali yetu. Windows nyingi za mitaani kwetu ni za kuchakachua. Mashine za misaada zinazokuja mashuleni mara nyingi ni za zamani. Linux inaruhusiwa kunakiliwa kwenye mashine 1 au 1,000 bila kumwogopa mtu. Ukichagua sura nyepesi kama MATE, Orca inafanya kazi hata kwenye mashine ambayo Windows 11 imeikataa. Na kubwa kuliko yote, mtu anaweza kufungua ndani akarekebisha kinachomkera. Kwenye lugha yetu hilo ndilo lenye maana kuliko bei.

SAUTI YA KISWAHILI: HAPA NDIPO PANAPOUMA

Turudi kwenye ule mdomo. eSpeak ilitengenezwa na Mwingereza Jonathan Duddington, na tangu 2015 inaendelezwa kwa jina la eSpeak NG. Inazungumza lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo, na mzigo wake wote ni wa megabaiti chache tu. Inawezekanaje? Kwa sababu haikurekodiwa kutoka kwa mtu. Inatengeneza mlio wenyewe kwa hesabu. Ndio maana sauti yake ni ya kibati, kama mtu anaongea akiwa ndani ya debe. Wasioona wazoefu hawajali sana, wanaipenda kwa sababu hata ikikimbizwa kasi bado inasikika. Lakini mtoto wa darasa la tatu anayeanza leo, ambaye hajawahi kusikia kompyuta, ataitoroka.

Kiswahili chetu kina bahati. Kinasomwa kama kilivyoandikwa, na mkazo kwa kawaida unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine inapenda lugha ya namna hiyo. Kiingereza ndio balaa. Lakini bado kuna mitego ambayo mgeni hawezi kuijua. Barabara ya kupita magari na barabara ya "sawa kabisa" zinaandikwa sawa, mkazo ni tofauti. Mbuni yule ndege na mbuni mti wa kahawa zinaandikwa sawa, lakini kwenye mti ile m inatamkwa peke yake. Halafu vifupisho: Bw., Sh., k.m. Na ule uandishi wetu wa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye sentensi moja, mashine inasoma vyote kwa kanuni za lugha moja, matokeo yake ni vichekesho.

Haya mambo hayahitaji profesa. Kanuni za matamshi ya Kiswahili za eSpeak NG zimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, moja linaitwa sw_rules, lipo wazi kwa dunia nzima. Mwanafunzi aliyefaulu Kiswahili kidato cha nne na mwenye subira ana ujuzi ambao Duddington hakuwa nao.

Na sio kwamba Waafrika Mashariki hatujawahi kujaribu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Mucemi Gakuru, waliwasilisha mfumo wao wa kugeuza maandishi ya Kiswahili kuwa sauti. Yaani miaka 20 iliyopita Dar walikuwa na maneno na Nairobi walikuwa na sauti! Hawa wawili wangekaa meza moja, leo tungekuwa wapi?

Siku hizi mambo yamesogea, ila kwa mwelekeo wa ajabu. Microsoft wana sauti za Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, zinazosoma vizuri kama mtangazaji, lakini ziko kwenye huduma yao ya mtandao ya kibiashara. Bando likiisha, Rehema ananyamaza. Kwa upande wa programu huria kuna Piper, inayofanya kazi bila intaneti hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na ina sauti ya Kiswahili. Ya wapi? Ya KONGO. Hongera sana kwa Wakongo, nasema kwa dhati. Lakini sisi tunaojiita wenye Kiswahili sanifu, tunaosherehekea kila tarehe 7 Julai Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO waitangaze mwaka 2021, tujiulize hotuba zote zile zimemsomea kitabu gani mtoto asiyeona.

Kuna wanaosema mradi wa Common Voice wa Mozilla umeshakusanya sauti nyingi za Kiswahili. Ni kweli na ni kazi nzuri, lakini lengo lake kubwa ni kufundisha mashine KUSIKIA, ndio maana inataka watu wengi tofauti. Mashine KUSEMA vizuri inahitaji mtu mmoja mwenye sauti safi, asome kwa saa nyingi mahali patulivu, halafu akubali kwa maandishi itumike bure. Nchi yenye watangazaji wa redio wengi kama hii inakosaje mtu mmoja?

Kikuria chetu nacho? Kina irabu saba na kinabeba maana kwenye kupanda na kushuka kwa sauti, kwahiyo ni kigumu zaidi. Hicho tukiweke akiba, tusije tukashika mawili yote yakatuponyoka.

BURE SIO BILA MWENYEWE

Kuna upande wa pili ambao mashabiki wa Linux hatupendi kuusema. Mwaka 2010 Oracle waliinunua Sun. Muda mfupi baadaye wafanyakazi waliokuwa wanaiendeleza Orca wakapunguzwa kazini, akiwemo kiongozi wao Willie Walker. Mradi unaotegemewa na wasioona duniani ukabaki mikononi mwa watu wachache sana, na mwanamke mmoja, Joanmarie Diggs, ndiye aliyeubeba kwa miaka mingi.

Mwaka 2011 GNOME wakabadilisha sura nzima, vitu vingi vikavurugika kwa wasioona. Siku hizi Linux inahama kutoka mfumo wa zamani wa kuchora skrini kwenda mpya unaoitwa Wayland, na tena waliopata shida ni wao. Afadhali mwaka 2023 mfuko wa serikali ya Ujerumani uliwapa GNOME euro milioni moja, na sehemu ya kazi hiyo ni kuboresha huduma kwa walemavu.

Somo hapo ni nini? Programu huria haifi akifa mwenye kampuni, hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini haijilei yenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia "tumepeleka kompyuta za Linux shuleni, kazi imekwisha", mwambie kazi ndio kwanza imeanza.

SASA KEMAMBO INAINGIAJE?

Hapa ndipo wengine mtaanza kununa. Kata yetu iko pembeni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Umepita mikono ya Placer Dome, Barrick, Acacia, na tangu 2019 ni Barrick tena, safari hii serikali ikiwa na hisa asilimia 16 kupitia Twiga. Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017, kifungu cha 105, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa lugha nyepesi: pesa ya maendeleo kutoka mgodini sio zawadi, ni mpango, na halmashauri pale Nyamwaga ina sauti ndani yake.

Orodha tunaijua: madarasa, zahanati, maji, barabara, madawati. Sina ugomvi na hata kimoja. Mura, mtu mwenye kiu hawezi kula Orca. Lakini kila orodha ikitaja kompyuta za shule, hakuna sababu ya kompyuta hizo kuwa bubu. Nyongeza ni nini? Orca iko ndani tayari. Kinachobaki ni kununua spika za masikioni na kumpeleka mwalimu mmoja mafunzoni. Ukilinganisha na jengo, hiyo ni pesa ya chai.

Leo mtoto asiyeona wa huku anafanyaje? Akibahatika anapelekwa mbali na kwao. Mwisenge pale Musoma, shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere, inapokea wanafunzi wasioona. Wengine wanakwenda Mitindo kule Misungwi, au mbali zaidi Buigiri mkoani Dodoma, iliyoanza mwaka 1950. Asipobahatika anabaki nyumbani, anachunga mbuzi kwa kamba au anamwongoza bibi yake naye asiyeona. Na hata aliyebahatika, mwanga wake ni vitabu vya nukta nundu ambavyo ni vinene, vichache na ghali kuchapa. Kitabu kile kile kikiwa faili la maandishi kinaingia kwenye flashi ya kuning'iniza shingoni, pamoja na vingine mia.

Msiniambie hawawezi. Desemba 2015 Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona, aliteuliwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Katiba na Sheria. Kenya wenzetu, shirika la inABLE lililoanzishwa mwaka 2009 na Irene Mbari-Kirika limeweka maabara za kompyuta kwenye shule za wasioona, ikiwemo ya Thika. Kinachokosekana huku sio akili za watoto.

Na sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Zote zinazungumzia haki ya kupata habari na mawasiliano. Hebu sasa pakua tangazo lolote la ajira lililopigwa muhuri kisha likaskaniwa. Kwa macho yako ni barua. Kwa Orca ni PICHA, haina la kusoma, inapita kimya. Yaani nafasi inayoandika "wenye ulemavu wanahimizwa kuomba" imetangazwa kwa namna ambayo asiyeona hawezi kuisoma. Hapo hata pesa haihitajiki, ni kuweka lile faili lililochapwa badala ya picha yake.

KWAHIYO TUFANYE NINI?

Napendekeza manne, nanyi mtaongeza.

Kwanza, madiwani wetu wakati wa kupitisha mpango wa mwaka na mgodi waulize swali moja: kompyuta hizi zinaongea? Kama hazina programu ya sauti, spika za masikioni na mwalimu aliyefundishwa, wasisaini.

Pili, ofisi za umma ziache kuskani matangazo. Na sisi wenye blogu tuache kubandika picha ya barua bila kuandika kilichomo.

Tatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BAKITA na Chama cha Wasioona Tanzania wakae meza moja na Wakenya na Wakongo, itoke sauti moja huria ya Kiswahili isiyotegemea bando. Wasioona wenyewe wawe ndio waamuzi wa sauti ipi inafaa, sio wenye macho kuwachagulia.

Nne ni wewe unayesoma hapa huku dakika zako zinayoyoma. Mashine zilizokataliwa na Windows 11 ziko stoo sasa hivi, mwakani zitakuwa zimeuzwa kwa kilo. Chukua flashi, pakua Ubuntu usiku wakati mtandao ni mwepesi, ijaribu. Halafu mtafute mtu mmoja tu asiyeona kwenye mtaa wako, mkalishe mbele ya kibodi, na wewe ukae kimya umsikilize anasema nini. Atakachokwambia ndani ya nusu saa hakimo kwenye makala hii.

Dhahabu ya Kemambo ina siku itakwisha, kila mtu anajua hilo. Mtoto aliyejifunza kusoma mwenyewe habaki na shimo.

Nawasilisha. Wenye data, wenye kupinga na wenye uzoefu, uwanja wa maoni ni wenu. Matusi hapana.